Vyuo Viwili Vilivyomposa Bonaventure

Jumatatu, tarehe 3 Agosti 1959

Bonaventure, weye ni mjinga wa kwanza mwenye diplome! Barua mbili zimefika hapa Luvungi asubuhi, na saa sita mjukuu wangu tayari ameshika kalamu ajibu ndiyo. Ndiyo ya nini? Binti wa kwetu akimkubali mchumba haraka hivyo, wanamcheka hadi Katogota.

Amemaliza chuo, sasa anataka kuongeza: magonjwa ya ng'ombe. Vyuo viwili vinamtaka. Cha Ulaya kinatoa bursi nzima: ndege, kitanda, chakula, hata koti la baridi. Cha Katanga kinatoa masomo bure, chakula ajitafutie. Anasema hakuna cha kupima hapo. Nyamaza! Ulaya ni mbali. Nikifa ataambiwa kwa karatasi.

Nimezikalia barua zote mbili. Anayechukua mtoto wa watu aje kwanza asalimie nyumba.

Jumanne, tarehe 4

Nimepanda camion, lori ya mpunga, hadi Uvira. Mbavu zote zimehama! Posta nikamwambia karani apige telegramu kwa vyuo vyote viwili, maneno yale yale: Bonaventure ana wachumba wawili, familia inangoja ng'ombe. Akauliza arusi iko lini. Nikamuuliza kama mama yake ndiye aliyemfundisha kuchungulia nyumba za watu. Akaandika kwa Kifaransa, kichwa chini.

Chuo cha magonjwa ya ng'ombe hakiwezi kukosa ng'ombe. Nimeshachagua mahali pa kumfunga.

Ijumaa, tarehe 7

Geneviève, jirani huyu mwenye mdomo. Kijana wake Libérat alipata bursi moja tu, akaipokea siku ile ile. Sasa anasema minye nitamwotesha mjukuu wangu mvi nyumbani. Nikamwambia kijana mwenye mchumba mmoja ni kama chungu cha mwisho sokoni, hata kikiwa na ufa kinachukuliwa. Amekasirika. Vizuri!

Alhamisi, tarehe 13

Ole wangu! Ulaya imejibu. Padri Révérien amenisomea huku anakohoa ili asicheke. Wanampongeza Bonaventure kwa arusi yake. Wanasikitika, bursi yao ni ya vijana wasiooa. Arusi gani? Nikasema yule karani ameandika upuuzi. Padri akasema ameandika yale niliyomwambia. Hata mapadri siku hizi!

Bonaventure hajala. Alisema taratibu tu, kwa jina analoniita tangu utoto: Tate, ile ilikuwa njia yangu. Heri angepiga kelele. Halafu Geneviève akaja na boga, eti zawadi ya arusi, anauliza bibi arusi tumemficha chumba gani.

Jumamosi, tarehe 15

Katanga nayo imejibu! Mwanafunzi mwenye bibi, mke wa ndoa, wanampa nyumba, jiko, na chakula cha watu wawili. Aje naye mwezi wa kumi. Mmeona? Telegramu yangu imejenga nyumba! Geneviève arudishe boga lake kwake.

Bonaventure anataka kuwaandikia watu wa Ulaya kwamba hajaoa, labda watamrudishia nafasi. Nimeuficha wino. Kinachokosekana ni bibi tu, na bibi iko: Nzeyimana wa Luberizi ana binti, Spès, anajua kusoma na hacheki ovyo.

Bonaventure, acha kununa! Oga, vaa viatu, kamata kuku ile nyeupe. Tunakwenda Luberizi sasa hivi, na huko minye peke yangu nitaongea.