Jinsi Fundi Saa Alivyolitwaa Koti la Mvua

Sogeeni karibu, enyi nyote mliowahi kulowa hadi soksi mkajifanya hamkulowa. Kaeni penye nafasi, zimeni redio, mwacheni paka alale, kwa maana habari ninayoileta ni nzito, nayo haijapata kusimuliwa ipasavyo. Sina majeshi wala miji iliyotekwa. Ninaye mwanamume mmoja tu, mwenye nywele chache na subira nyingi, aliyetoka kwake Jumatano asubuhi na noti tatu mfukoni, akaenda kutafuta koti la mvua la kuvulia samaki msimu wa baridi, pamoja na suruali yake. Naye akarudi nalo. Naam, akarudi nalo!

Mtaa mzima ulimwita Fundi Saa: bingwa wa skrubu zisizoonekana, mfufua mishale iliyokata roho, mwenye lenzi jichoni na kibano mkononi. Siku tano za juma aliinama juu ya benchi lenye upana wa sinia, akipumua kwa adabu asije akapeperusha gurudumu la mtu. Lakini Jumamosi ilipowadia aliinuka kama mfungwa aliyesamehewa, akatwaa fimbo yake ya kuvulia, akapanda hadi bwawa la mlimani, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mshipi majini, asiseme neno na mtu mpaka jioni. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake ya peke yake, na kuipoteza kungemuua polepole.

Sasa jueni kwamba bwawa lile lina baridi isiyo na huruma, na mvua yake haitoki juu tu, hutoka na ubavuni. Wiki tatu nyuma koti lake kuukuu lilimsaliti katikati ya mapambano. Alirudi amelowa chapachapa, akakohoa siku tisa mfululizo, hata saa za wateja zikatikisika ukutani. Mkewe, muuguzi wa wodi ya wanaume, ambaye hata madaktari humwamkia kwanza, alimuuguza mpaka akapona. Kisha akasimama mlangoni akatoa amri.

"Baba Mapacha, nisikilize vizuri. Hayo mapafu nimeyasikiliza mwenyewe, yalikuwa yanachemka kama birika. Ukirudi tena hapa na shati limelowa, hata kidogo, ile fimbo naitundikia pazia la sebuleni."

"Mama Mapacha!" akalia shujaa. "Fimbo iliyomtoa kambare wa kilo nne, ibebe vitambaa vya maua?"

"Itabeba vizuri tu. Urefu unatosha, nimeshapima."

Aliposikia kwamba ameshapima, akaacha kubisha. Akapewa noti tatu, ambazo ndizo pekee nyumba iliweza kuziachia mwezi ule, akaingia vitani.

Aliandamana na shemeji yake, ndugu wa mkewe, kinyozi mwenye ulimi usiojua likizo. Wakalikabili kwanza duka kubwa lenye kuta za vioo, ambamo koti la buluu lilining'inia peke yake chini ya taa, laini, jepesi, lenye zipu zilizofichwa. Fundi Saa akakigeuza kikaratasi cha bei kwa ncha ya kidole, akakisoma, akakirudisha taratibu kama mtu amfunikaye mtoto aliyelala.

"Vipi, shemeji?" akauliza kinyozi.

"Turudi nyuma tujipange upya," akanena shujaa, na jeshi lote la watu wawili likarudi nyuma.

Pambano la pili lilikuwa penye kibanda cha miavuli, palipokuwa na koti la nailoni la bei ya kuchekesha. Shujaa akalivaa, akatwaa mwavuli uliofungwa, akaurusha mkono kama arushaye ndoana katikati ya bwawa. Kwapa likapasuka kwa sauti iliyosikika ng'ambo ya barabara.

"Baba, mbona hivyo?" akapiga kelele muuzaji. "Koti hili ni la kutembelea, si la kupigania!"

Ikabidi wamwombe radhi, na kinyozi akatoa ahadi ya kumnyoa bure, ndipo wakaachiwa kwenda.

Basi wakafika kwenye lundo la mitumba, lililolindwa na mama mmoja mwenye miwani kichwani na sauti ya kamanda. Kinyozi akachomoa koti la kijani lenye mifuko kumi na mmoja. "Hili hapa, shemeji! Ukivaa hili, samaki watakuja wenyewe kukusalimu."

Mtu mwingine angelipa akaenda zake. Lakini Fundi Saa alikuwa amefungua saa nyingi mno zilizoandikwa mgongoni kwamba haziingii maji, akakuta kutu tupu. Akatia lenzi jichoni, akaligeuza koti nje ndani, akaupitia mshono sentimita kwa sentimita, na watu wakaanza kukusanyika.

"Utepe wa ndani umebanduka," akatangaza, "tangu kwapani hadi kiunoni. Maji yataingia hapa bila hata kupiga hodi."

"We baba ni daktari wa makoti?" akauliza yule mama.

Chini kabisa ya lundo Fundi Saa alikuwa ameona kitu cha rangi ya chungwa. Akakivuta kwa mikono miwili. Lilikuwa koti la mpira mzito, na suruali yake imefungiwa humo humo, vazi la kazi la mtu fulani wa ghala la barafu, lenye namba arobaini na saba mgongoni na ukubwa wa kutosha kuuvika mlango. Akaomba jagi la maji. Akaufunga mkono wa koti fundo, akamimina maji ndani, akautundika, akasimama chini yake na lenzi jichoni, asikope. Dakika zikapita, mwenye haraka zake akaghairi safari. Hata tone moja halikutoka.

Kisha akalivaa na suruali yake, akaketi juu ya ndoo ya yule mama, kwa kuwa mvuvi hasimami bali huketi, na koti la mtu aliyesimama humwacha mtu aliyeketi mgongo nje. Koti likamfunika hadi magotini. Ndani mkabaki nafasi ya masweta mawili ya sufu, na hapo akaelewa kwamba ule ukubwa uliowakimbiza wanunuzi wengine ndio ungemtia yeye joto.

"Shemeji," akasema kinyozi kwa huruma, "unafanana na tangi la maji."

"Tangi halivuji. Hiyo ni sifa."

Mama akataka noti tano. Fundi Saa akazionyesha tatu, akatoa hotuba ndefu juu ya mapafu, ndoa na mapazia, isimsogeze hata kidogo. Ndipo jicho lake likatua kwenye kifundo cha mkono wa yule mama. "Saa yako inasema saa nane, mama, na hata saa tano haijafika."

"Hiyo ilikufa mwaka juzi. Ya marehemu dada yangu. Naivaa tu."

Akaiomba. Akaifungua pale pale juu ya lundo, kwa kibano akatoa uzi mmoja wa sufu, mwembamba kuliko unywele, akaifunga. Saa ikaanza kutembea. Yule mama akaiweka sikioni akakaa hivyo kitambo, kisha akapokea zile noti tatu bila kuzitazama. "Chukua," akasema. "Nenda nalo, usinilize mbele za wateja."

Lakini vita havikuishia hapo. Jioni mkewe aliporudi kutoka kazini, akamkuta uani amevaa ngao yake ya chungwa.

"Kaa," akasema, akajaza ndoo. Akammwagia kutoka juu, akammwagia ubavuni, shujaa akawa mkavu anatabasamu. "Haya, inua mkono, vua kama uko bwawani."

Akainua mkono. Na tazama, kijito chembamba cha maji kikampenya kwenye kifundo, kikateremka ndani ya koti, baridi, hadi kiwikoni.

"Pakavu?"

Koti lilifunika kila kitu. Angeweza kuingia ndani akabadili shati, na nani angejua? Moyoni akaiona fimbo yake imebeba vitambaa vya maua. Kisha akamtazama mkewe, ambaye alikuwa bado ameishika ndoo na hakuwa na uso wa mtu anayetaka kushinda.

"Hapana," akasema. "Kiwiko kimelowa."

Mkewe akaitua ndoo. "Ungenidanganya, nisingejua."

"Najua."

"Niliogopa, Baba Mapacha. Wagonjwa naona kila siku, siogopi. Lakini wewe ulivyokuwa unahema, niliogopa sana."

Akaingia ndani, akarudi na ule mpira wa kufungia mkono mtu anapotolewa damu. Akaukata vipande viwili, akamfunga vifundo vyote viwili kwa ustadi wa miaka ishirini. Akainua ndoo tena.

Jumamosi mvua ilinyesha bwawani tangu asubuhi hadi saa kumi. Fundi Saa aliporejea, mkewe hakungoja salamu. Akatia mkono ndani ya kola, akapapasa mgongo, makwapa, viwiko, kimoja kimoja.

"Kavu," akasema, na akacheka kama alivyokuwa hajacheka kwa mwezi mzima.

Samaki hakuleta hata mmoja, na katika kumbukumbu za siku ile kuu hakuna aliyeona haja ya kuuliza.