Uji wa Muhogo kwenye Boriti ya Jineri

Jumatatu, 9 Julai 1984. Bunda, kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba.
Boriti ya chuma inatetemeka kuliko juzi. Upande mmoja imezikwa ukutani, upande wa pili inabeba gurudumu la mkanda. Chini yake hukaa mke wangu Dafroza na wenzake, wakiokota takataka kwenye pamba. Mhandisi wa Mwanza ana kipimo, hana dizeli ya kumfikisha huku. Nimemwambia meneja, Mzee Burito, kwamba nitapima mimi: unapaka uji wa muhogo juu ya chuma, unakauka, panapochanika ndipo chuma kinapoumia. Kakubali. Unyapara unaninukia! Clementi, mnyapara wa sasa, kacheka hadi kukohoa.

Jumanne, 10 Julai.
Nimepaka kwenye ncha, penye gurudumu, maana ndiko kunakotikisika zaidi. Clementi kasema tawi la mpera linavunjikaga penye shina, siyo kwenye majani. Nikamjibu hapa ni jineri, siyo shambani. Wivu tu. Nikajifutia mikono kwenye boriti, kule ukutani, nikashuka. Jioni Dafroza kauliza unga uko wapi. Nikajifanya nimelala.

Jumatano, 11 Julai.
Uji wa ncha ni mzima. Nimeandika ripoti: salama, msimu mzima. Nimetia sahihi yangu mara mbili. Nimemwambia Dafroza akae palepale chini, watu waone fundi anaiamini kazi yake.

Alhamisi, 12 Julai.
Clementi kanishtaki kwamba nimechafua mashine. Nikaamriwa kukwangua. Kule ukutani, nilipojifutia mikono, uji umechanika mstari mmoja. Nikakwangua. Uji ukatoka, mstari ukabaki. Kwenye chuma! Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Nilimvuta Dafroza mkono. Akadhani ni ugomvi wa unga. Nikampigia Clementi kelele kwamba boriti imepasuka; akazima mashine, wote wakatoka nje. Hakuna aliyeumia, hata mmoja. Nilikaa juu ya magunia nikalia mbele za watu, wala sikuona haya.

Ijumaa, 13 Julai.
Boriti imeshushwa. Mzee Burito kanishukuru mbele ya wote. Ripoti nimeichana kabla haijafika kwenye faili. Dafroza kapika ugali wa unga wa kuazima kwa jirani yetu Ghati, na sijawahi kula ugali mtamu vile. Nimetafakari sana. Kosa langu lilikuwa kuchagua pa kupaka. Jumatatu napima mnara wa tangi la maji: nitachovya mikono yote miwili, nijifutie popote. Sasa natafuta Dafroza alikoficha unga.