Waya Chini ya Mtandio

Jumatatu, 3 Juni
Shule sikuiona. Naongea, kishikwambi kinaandika. Uchawi! Mwalimu wa darasa letu la wazee ametugawia leo. Ukigusa, herufi zinanenepa. Ukigusa tena, chenyewe kinakusomea kila kilichomo. Una neno? Unaliweka pembeni ya ukurasa, linaitwa maoni. Nikanong'ona yangu: suruali ya mwalimu inamvuka. Kumbe ukurasa ni wa darasa zima! Wamecheka wote. Mwalimu kapandisha suruali.

Jumanne, 4 Juni
Mjukuu wangu anataka bibi mmoja akasome hadithi shuleni kwao Ijumaa. Mabibi tuko wawili: mimi na mkwe mwenzangu, mama wa mke wa mwanangu. Tunakaa dawati moja, balaa! Mwalimu atatupima keshokutwa. Mwenzangu anasoma kwa kidole, neno moja mpaka chai inapoa. Kaniuliza kama hata a naijua. Nimemjibu huwa tunasalimiana.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata! Waya wa sikioni, chini ya mtandio. Kishikwambi kinasoma, mimi narudia kwa madaha. Nimemjaribu mwanangu. Kalia, eti mama kajua kusoma! Nimemfuta machozi kwa ncha ya mtandio. Taratibu, waya usichomoke.

Alhamisi, 6 Juni
Nilianza kwa sauti ya redioni. Sungura alifika mtoni. Akakuta daraja limevunjika. Maoni: mimi sijui herufi hata moja, nina waya sikioni. Nakimbizana na sauti, maana ya maneno nimeiacha nyuma! Nikamaliza, nikainama nipigiwe makofi. Mwalimu akaniomba nifunue sikio.

Mkwe mwenzangu aliyapachika maoni hayo asubuhi, nikiwa msalani. Nyoka! Kaniambia pole mkwe, njia ya mwongo fupi.

Ijumaa, 7 Juni
Kasoma yeye. Kidole, jasho, ukurasa mmoja nusu saa. Mjukuu wetu uso umemwiva kwa furaha. Baba mmoja nyuma akapiga miayo. Nikamwambia afunge kinywa, mkwe wangu anasoma! Nimepiga makofi mpaka viganja vikawaka. Roho inaniuma bado.

Jumamosi, 8 Juni
Mjukuu kaja kunibembeleza. Eti bibi, nikufundishe herufi, mwezi ujao usome wewe. Ana moyo huyu mtoto! Nimembusu, nikamwambia akacheze. Herufi za nini? Kosa nimeshaliona: nilitumia sikio la upande wa mkwe mwenzangu. Mwezi ujao natumia la kushoto.