Asiyekuwepo Hachaguliwi

Jumatatu, 11 Novemba

Mzee Gvozden kajiuzulu! Nyonga imemshinda, anahamia kwa binti yake Austria. Kiti cha mwenyekiti wa kamati ya chama hapa mjini ki wazi. Mimi ni katibu mwaka wa kumi na nne huu. Nimepiga mihuri mpaka kiganja kimeota sugu. Kiti ni changu mimi, Budimir. Nani mwingine?

Vipaumbele vyangu viko tayari. Kwanza, kiti kipya cha mwenyekiti, cha ngozi, chenye mgongo mrefu. Pili, kibao kipya mlangoni. Tatu, daraja la waendao kwa miguu pale kijitoni, fedha zikiruhusu.

Jioni Stojanka wa posta, mwanakamati mwenzangu, kaniharibia chakula. Eti wengi wanamtaja Svetozar. Svetozar! Daktari wa ng'ombe! Mtu ananuka zizi hata akiwa na tai! Tena ndiye msimamizi wa ndoa yangu na baba wa ubatizo wa binti yangu. Eti anapendwa kwa kuwa kila mafuriko yakilibeba lile daraja la mbao, yeye anavaa mabuti na kuwavusha watoto wa shule mgongoni. Kuvusha watoto si siasa.

Jumanne, 12 Novemba

Nililala vibaya, nimeamka na akili. Jumamosi ni Mtakatifu Georgi, mtakatifu wa nyumba ya kina Svetozar! Siku hiyo mwenye nyumba hatoki, hata kwa jirani kukiungua. Anasimama tangu asubuhi, anamimina, anakaribisha, hakai hata kula. Wageni hawaalikwi, anayekumbuka anakuja. (Sisi mtakatifu wetu ni Nikola, mwezi ujao, kama nusu ya mji. Kila mtu anakuwa na wageni wake au yuko kwa shemeji yake, kwetu anakuja Svetozar tu.)

Na nani anapanga tarehe ya mkutano? Katibu! Nimeandika tangazo: uchaguzi, Jumamosi, saa saba mchana, ofisini. Chini nikaongeza kwa wino mwekundu: ASIYEKUWEPO HACHAGULIWI. Nikapiga muhuri mara mbili.

Desanka, mke wangu, kalisoma, kaniuliza kama nina homa. Nikamwambia siasa haina sikukuu. Akasema na haya pia haina. Naye ni mwanakamati, nilimwingiza mwenyewe zamani ili nyumba yetu iwe na kura mbili. Ningejua nisingejisumbua.

Jumatano, 13 Novemba

Nimemwona Svetozar sokoni. Nilitaka kukata kona, akaniwahi. Kanikumbatia, kanipiga mgongoni mpaka nikakohoa. "Ndugu yangu, Jumamosi uje mapema. Nimekuwekea ile rakia, pombe kali ya matunda ya mwaka aliozaliwa binti yako." Kuhusu tangazo, kimya. Nikamwambia nitabanwa na kazi za chama. Akacheka, akasema hata chama kina tumbo.

Moyo uliniuma mpaka kwa muuza kabichi. Baada ya hapo nikapata nafuu.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimewapigia simu wanakamati wote. Wote wameahidi kuja! Wawili wameuliza kama ofisi ina kipasha joto. Nimesema ndiyo. Nacho kipo, ila kilikufa tangu Februari.

Jambo moja linanikera. Ofisi iko mtaa mmoja na nyumba ya Svetozar, na kuifikia lazima upite mlangoni pake. Lakini kupita ni kupita.

Nimenunua juisi na biskuti za chumvi. Desanka anaoka keki ya jozi, nikadhani ni ya mkutano. Wapi! Ni ya Svetozar. Kasema miaka ishirini na tisa hatujakosa pale, hata ule mwaka theluji iliziba mlango tukaingilia dirishani. Ni kweli. Svetozar alinivuta kwa mikono miwili, tukaangukia meza pamoja. Sitaki kufikiria mambo hayo leo.

Jumamosi, 16 Novemba

Saa saba. Niko peke yangu.

Saa saba u nusu. Peke yangu, na miguu imekufa ganzi.

Nikachungulia dirishani. Stojanka huyo anakuja! Kafika kwa Svetozar, kasimama, kamwinulia kidole kimoja mtu aliye ndani, yaani glasi moja tu. Kaingia. Hakutoka. Nyuma yake wengine, mmoja mmoja, kila mtu na kidole chake. Wasaliti! Glasi moja, nyumba ya sikukuu! Glasi inaleta ngano ya baraka, ngano inaleta supu, supu inaleta sarma, zile nyama zilizoviringishwa kwenye kabichi, na ukisimama kabla ya nyama ya kuchoma ni sawa na kumtukania mtu mama yake. Haya yote nayajua tangu utotoni! Kwa nini sikukodi ukumbi upande wa pili wa mji?

Saa tisa hivi mlango ukafunguka. Svetozar! Hana kofia, shati jeupe, kitambaa begani, mkononi sahani ya sarma inayofuka mvuke. Kaiacha nyumba yake siku ya mtakatifu wake! Hata mwaka ule mama yake alipozirai jikoni hakuvuka kizingiti, alimwita daktari kwa kelele kupitia dirishani. Kasema watu wote wako pale, kiti changu hakijakaliwa, mshumaa wa mtakatifu unawaka. "Twende sasa hivi, ndugu yangu. Usinifanye nikubembeleze."

Mimi mtego naujua. Anataka niiache ofisi ili mkutano ufe! Nikamwambia mkutano unaendelea, na kama amekuja kugombea, kachelewa. Nikaandika "kachelewa" mbele ya macho yake. Aliitazama ile karatasi. Kisha akaweka sahani mezani, polepole, na uma pembeni. Akasema nile kabla hazijapoa. Akaondoka.

Zilipoa. Nilizila zote hata hivyo.

Jumapili, 17 Novemba

Desanka alirudi jana anaimba. Leo asubuhi ndiyo kanieleza.

Baada ya sarma Svetozar aligonga glasi. Akasema uenyekiti hautaki, ng'ombe wanamtosha. Akasema anayefaa ni Budimir, kasimama nyuma ya kiti cha mwenzake miaka yote hii, sasa naye akae. Wote wakainua glasi! Wote! Akidi ilitimia, hata Mzee Gvozden alikuwepo, amelazwa kwenye kochi. Ndipo Stojanka akakumbusha tangazo. Wino mwekundu. Asiyekuwepo hachaguliwi. Kwa hiyo Svetozar akatoka kunifuata, ili niwepo.

Nikaketi. Nikauliza, kwa hiyo wamemchagua nani? Desanka akanimiminia kahawa mpaka ikafurika kisosini. Akasema nisikasirike, yeye alikuwepo.

Mke wangu! Kura niliyoileta mwenyewe! Mchimba kisima kaingia mwenyewe, na maji ni ya baridi. Kipaumbele chake cha kwanza, daraja. Cha pili, kipasha joto. Kiti cha ngozi hakimo hata kwenye mengineyo.

Lakini si kiti kinachoniuma. Desanka kasema Svetozar alirudi mikono mitupu, akawaambia Budimir ana kazi. Glasi yangu aliiacha mezani imejaa, na kiti hakumruhusu mtu akikalie mpaka mshumaa ulipozimwa. Kwa ajili yangu alivuka kizingiti, na mimi nikamwandika kachelewa. Nimelia kidogo, bafuni, nimefungulia bomba.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimekwenda kuomba radhi. Nilikuwa na hotuba. Nikamkuta zizini, mkono umo ndani ya ng'ombe mpaka begani. Nikasema nimekosa, ndugu yangu. Akasema nimshikie mkia. Nikashika. Ndama katoka mzima, jike. Tukanawa. Akatoa ile glasi yangu ya Jumamosi, hakuwa ameimwaga. Nikamwambia sistahili. "Nani anastahili? Kunywa, mjinga wewe." Nikanywa, koo likaniwaka na macho pia. Njia nzima nikaapa: hila basi. Mimi ni mtu mpya.

Karibu na nyumbani likanijia. Mwenyekiti Desanka kaniagiza nipange mkutano ujao. Tarehe kumi na tisa Desemba ni Mtakatifu Nikola, kwetu! Mkutano mezani kwetu! Wenye nyumba hawakai: mimi nitamimina na kuhesabu kura, Desanka atakuwa jikoni mchana kutwa. Kura ya kutokuwa na imani! Wanakamati wote watakuja, kama walivyofurika kwa Svetozar! Nimeshaandika tangazo. ASIYEKETI HAPIGI KURA. Wino mwekundu, muhuri mara tatu.

Viti havitoshi, maana kila mwaka mgeni wetu ni Svetozar tu. Nimerudi kwa Svetozar kuazima kumi na viwili. Kanisaidia kuvibeba mpaka kwangu. Hakuuliza ni vya nini. Kauliza tu kama mwezi ujao aje mapema, kama kila mwaka.