Kuipima Mashine ya Kurushia Marobota

Jumatatu, 3 Machi
Leo mama mkwe amenipa heshima. Nyasi zake zimekatwa, zimefungwa marobota, zimelala shambani zikingoja mvua iziozeshe. Bila hizo, kiangazi ng'ombe wake watakula upepo. Jirani anauza mashine kuukuu ya kurushia marobota: unailisha robota, mikanda miwili inalinyakua na kulitupa kwenye tela. Kazi yangu ni kusema kama inaaminika. Atakayeziingiza nyasi ghalani ndiye atakayekuwa msimamizi wa shamba. Mwanyumba wangu, aliyemwoa dada ya mke wangu, anataka tubebe kwa mikono. Mikono! Nilicheka mpaka mama mkwe akanitazama.

Jumanne, 4 Machi
Nimeiona. Rangi imepauka, kutu hadi kwenye maungio. Nimeigonga, nimeinusa, nimeitegea sikio. Swali moja linaninyima raha: kitu kuukuu kimedumu kwa sababu ni imara, au kwa sababu hakuna aliyethubutu kukitumia? Fundi niliyemwita aikague alipitisha kidole kwenye mikanda, akasema ni nzima, msimu huu itaumaliza, mradi tusiilishe kitu kingine zaidi ya nyasi. Alimaliza hata chai yangu haijapoa. Ufundi gani huo? Nikamwomba jirani niichukue nikaijaribu. Akakubali, akaongeza kwamba nikiivunja ni yangu. Namshuku.

Jumatano, 5 Machi
Robota kavu: liliruka, likatua katikati ya tela kama lililotumwa. Nilifurahi kama mtoto. Lakini mara moja si ushahidi. Robota lililolowa: likaruka. Gunia la pumba: likaruka, likapasuka, kuku wakashukuru. Tairi bovu: liliruka vizuri kuliko yote, bado tunalitafuta.

Mwanyumba alikuja kusema mawingu yanakusanyika na watu wake wako tayari. Nikamjibu haraka haraka haina baraka. Akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yenyewe ni ya ng'ombe. Hana hamu ya kujua mambo, huyo. Mke wangu naye akauliza kama nilimjaribu hivi kabla ya kumposa. Nikasema sikupata nafasi. Nalala sebuleni.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe alikuja mwenyewe asubuhi, akauliza kwa upole kama mashine inafaa. Nikamwambia inafaa kabisa, limebaki swali dogo tu: nguvu zake zinaishia wapi? Akasema yeye hataki kujua zinaishia wapi, anataka nyasi zake. Alipoondoka, nikailisha nguzo ya uzio.

Ikairusha! Juu ya tela, juu ya mti, ikatoboa paa la ghala. Kisha mkanda ukakatika, na mvua ikaanza.

Mwanyumba na watu wake walibeba kwa mikono. Nami nilibeba, hakuna aliyenitazama. Nusu ya nyasi zimelowa kabla hatujazifikia, zitaoza hivihivi. Mama mkwe alisimama ghalani, maji yakimdondokea kupitia tundu langu. Hakunigombeza. Aliniita mwanangu, akauliza: ile nguzo, ng'ombe wangeila? Nimeona aibu hadi kwenye mifupa.

Ijumaa, 7 Machi
Funguo za ghala amepewa mwanyumba. Mashine ni yangu. Hata hivyo haki isemwe: ilikuwa inaaminika. Nani mwingine hapa angeweza kulithibitisha hilo?

Msimamizi mpya ameniagiza nipande nikazibe tundu kabla nusu iliyobaki haijalowa. Ngazi yenyewe ni ya zamani. Anasema aliipanda jana na ni nzima. Jana! Mawingu yamerudi, naye ananihimiza. Nimemwambia asubiri kidogo. Kwanza nitakirukia kila kidato, kwa nguvu zangu zote, nione.