Ukurasa Wangu na Honi ya Paluku

Jumatatu, 10 Machi
Nina hasira tangu asubuhi. Mama Fortunée, présidente wa wauza samaki, anataka simu za bamama zilie kila mara baleinière, mashua ya samaki kutoka Isangi, inapokaribia bichi, gati letu la mtoni. Anayechelewa anaambulia mabaki. Mimi nimewatengenezea ukurasa wa intaneti: unafungua, unaona mashua, basi. Paluku, muuza simu, eti ametengeneza aplikasyon. Fortunée ataamua Jumamosi. Paluku akaniuliza mbele ya watu kama ukurasa wangu unaweza kulia simu ikilala. Nikamjibu kazi ya ukurasa si kupiga kelele.

Jumanne, 11
Kweli, ukurasa hauwezi. Kioo kikizimika, nao unalala fofofo. Baleinière ilifika, hakuna aliyejua. Bon. Nimewaambia bamama waache simu ziwake siku nzima. Ni nidhamu tu.

Jumatano, 12
Kufika saa sita betri zote zimekufa. Mama Odile akasema yeye iko anauza samaki, hauzi taa. Paluku alicheka mpaka akashika meza. Mshenzi.

Alhamisi, 13
Nimelipiza! Nimewatangazia bamama kwamba anayeweka kitu cha Paluku, simu itamfutia video zote za kwaya. Wamekataa wote. Mchana nimelala usingizi wa mwenye haki.

Ijumaa, 14
Uongo wangu umeishi siku moja. Odile ameipokea aplikasyon ya Paluku kwa Bluetooth, bila kutumia mega hata moja ya intaneti, na kwaya yake bado inaimba. Wakapitishiana simu kwa simu, meza kwa meza. Nami nikatuma ukurasa wangu kwa Bluetooth. Ikafika anwani peke yake. Mara réseau ya intaneti ikakatika, ukurasa ukabaki mweupe kama fufu. SMS ya mtu wa Paluku anayechungulia mashua kule Yakusu ikapita hivyohivyo, na simu zote zikapiga honi. Isipokuwa yangu.

Jumamosi, 15
Fortunée amemchagua Paluku. Nimerudi nyumbani nikiwaka. Mama yangu naye anauza samaki, donc nilitaka yeye anipe pole. Honi ikalia ndani ya kitenge chake. Tangu lini? Tangu jana, akasema, na Paluku iko mutoto wa heshima. Akanipa beseni, twende tukapokee samaki.

Nimebeba. Njiani nimegundua kosa liko wapi: simu za hawa bamama ni za hovyo. Jumatatu nawapitia mmoja mmoja kuwafundisha kutozima kioo. Naanza na Odile.