Maboksi Kumi na Mawili ya Chumba cha Magazeti

Jumatatu, 4 Machi

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza imeanza. Kikao saa mbili asubuhi. Mkutubi Mkuu mpya, ambaye umri wake ni sawa na wa binti yangu wa kwanza, ametugawia kijitabu cha kurasa ishirini na sita: Mpango wa Dharura na Taratibu za Kufunga Maktaba. Moto, mafuriko, moshi, umeme kukatika, nyoka. Ndiyo, nyoka wamepewa ukurasa wao. Nimesoma hadi ukurasa wa nne, macho yakagoma.

Habari mbaya ilikuja mwishoni, kama kawaida yake. Kuanzia mwezi ujao chumba cha magazeti hakitakuwa na mtumishi wake. Mimi nitahamia sehemu ya watoto. Saa ya hadithi kila siku, mkekani, pamoja na nyimbo za kupiga makofi. Mimi! Miaka hamsini na saba, magoti yanayolia nikipanda ngazi tatu! Miaka ishirini na mbili nimekaa kwenye kiti changu dirishani, penye upepo, nikitunza magazeti ya zamani ambayo hakuna anayeyasoma isipokuwa mstaafu mmoja wa reli. Nimebakiza miaka mitatu. Nataka kuimalizia pale pale.

Mke wangu kasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimemjibu kwamba mimi sitaki chochote cha mvunguni. Nataka kiti.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata pa kutokea! Ukurasa wa tatu. Kila idara iteue vitu vya kuokolewa kwanza, ivibandike stika nyekundu, na viwe na Msimamizi ambaye meza yake haitazidi hatua kumi kutoka vilipo. Hatua kumi! Kutoka kiti changu hadi rafu za magazeti ni hatua sita. Nimepima mara mbili. Mara ya pili nilipiga hatua fupi, nikapata tisa.

Nimemwendea Mkuu mbio, yaani mbio zangu. Nikamweleza kwamba magazeti yale yaliyojalidiwa ndiyo nakala pekee zilizobaki, na kwamba ndani yake mna habari za mji mzima. Cha ajabu ni kwamba ni kweli. Amenisikiliza kwa heshima. Akasema sawa, ila Msimamizi lazima athibitishe kwamba anaweza kuvitoa vitu vyake nje, mwenyewe, kwa dakika kumi na tano. Zoezi ni Ijumaa. Nikifaulu nabaki chumbani kwangu. Nikishindwa, mkeka.

Jicho amesikia yote. Jicho ni mwenzangu wa katalogi. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna kinachomponyoka, hata mhuri uliogongwa kichwa chini. Anakitaka chumba changu kwa ajili ya kadi zake. Katabasamu tu. Simpendi akitabasamu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefanya jaribio peke yangu. Majuzuu sitini, maboksi kumi na mawili, matano kila boksi. Boksi moja kufika barabarani: dakika nne, na mapumziko mawili njiani, moja nikiwa nimekalia boksi lenyewe. Mlango wa nje una ngazi, kwa hiyo kitoroli hakisaidii. Maboksi kumi na mawili ni dakika arobaini na nane, bila kuhesabu mazishi yangu.

Haiwezekani. Basi itumike akili. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nina upara, lakini pembeni zimebaki chache.

Mchana, wenzangu walipokwenda kula, nimeyatoa majuzuu yote na kuyasogeza kwa kitoroli hadi stoo ya chini ya ngazi. Nimeyapanga sakafuni, nyuma ya mafagio. Maboksi nimeyajaza karatasi zilizokunjwakunjwa, mito miwili ya viti, sweta langu, na ndara zangu za ofisini ili boksi la kwanza liwe na kauzito kidogo. Nikayafunga vizuri kwa utepe wa gundi. Stika nyekundu juu. Yanapendeza!

Kwenye dari ya stoo nimeona doa la unyevu, ukubwa wa sahani. Ipo fomu ya kuripoti mambo hayo. Fomu iko ghorofani. Sikupanda.

Ijumaa, 8 Machi

Dakika tisa!

Filimbi ilipigwa mara tatu, wasomaji wakaombwa watoke. Mstaafu wa reli aligoma mpaka amalize chemshabongo yake, akatolewa akiwa bado anauliza jina la mto lenye herufi tano. Mimi nilianza na boksi moja moja, nikijifanya kukunja uso. Kufika boksi la sita nilisahau, nikabeba mawili kwa mpigo. Mlinzi kasema kumbe mzee ni chuma. Mfagiaji kapiga makofi. Jicho alikuwa akitazama mikono yangu, si uso.

Afisa wa zimamoto aliyekuja na saa yake alitaka tuendelee na hatua ya saba. Lakini ilikuwa saa saba mchana na kila mtu ana njaa, kwa hiyo ikaahirishwa. Sijui hatua ya saba ni nini. Iko ukurasa wa tisa.

Mkuu amenipa barua yenye mhuri. Mimi ni Msimamizi. Chumba ni changu, kiti ni changu. Kisha akanipa na funguo. Kumbe Msimamizi ndiye anayefunga jengo kila jioni: madirisha kumi na manne, vyoo viwili, koki zote, halafu sahihi kwenye daftari. Imeandikwa ukurasa wa tano. Ukurasa mmoja tu baada ya pale nilipoishia! Nimefika nyumbani nikiwa hoi. Mke wangu kaisoma barua, akauliza kama mshahara umepanda. Nikamwambia kwamba mambo mengine hayapimwi kwa mshahara. Akarudi jikoni.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nilikuwa nirudishe majuzuu kwenye maboksi. Mgongo haukutaka. Kesho.

Mstaafu wa reli ameomba juzuu la mwaka fulani, ambalo huwa analiomba kila baada ya wiki chache. Nimemwambia magazeti yamefungwa kwa usalama. Akasema hana haraka, atangoja. Akakaa kutwa nzima akingoja. Ilibidi nijifanye nina kazi, na hakuna kazi inayochosha kama hiyo.

Jumanne, 12 Machi

Natamani leo isingekuwepo.

Saa nne asubuhi bomba linalopita juu ya ngazi lilipasuka. Halikuwa zoezi. Maji yalishuka ngazi moja baada ya nyingine, bila haraka, hadi chini. Lazima nikiri kwamba watu walifanya kazi. Mlinzi alikata umeme. Jicho aliwatoa wasomaji wote kwa dakika mbili, na mstaafu wa reli pamoja na kalamu yake. Mkuu akaagiza magazeti yatoke kwanza, na wote wakayakimbilia maboksi yangu. Dakika nne! Nilimsikia mfagiaji akishangaa kwamba historia haina uzito.

Mimi nilisimama nikiutazama mlango wa stoo. Maji yalikuwa yakiingia kwa chini. Nilipopiga hatua kuelekea huko, Mkuu alinishika mkono.

"Mzee wangu, hakuna kurudi ndani. Umeshaokoa kilicho muhimu."

Ningeweza kusema pale pale. Huenda nusu ya majuzuu yalikuwa bado makavu. Nikatoka nje pamoja na wengine.

Barabarani Mkuu akafungua ukurasa wa tisa. Hatua ya saba: kila boksi lifunguliwe na kuhakikiwa kwa orodha. Jicho ndiye aliyeshika orodha, nani mwingine! Akasoma kwamba boksi la kwanza lina majuzuu matano. Mkuu akaingiza mkono, akatoa ndara. Akaitazama mbele na nyuma. Akaingiza tena, akatoa ya pili. Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru kama wangecheka.

"Yako wapi?" aliuliza Mkuu, polepole.

Nikaonyesha kwa kidole.

Maktaba imefungwa hadi itakapotangazwa tena. Tangazo la mlangoni nimebandika mimi mwenyewe. Ndiyo kazi ya Msimamizi.

Jumatano, 13 Machi

Majuzuu arobaini na moja yameloa. Chumba pekee kilichobaki kikavu na chenye feni tatu ni sehemu ya watoto. Kwa hiyo niko mkekani. Kila ukurasa unatenganishwa na mwenzake kwa karatasi ya kunyonya maji, na kurasa zilizochomoka zinaning'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Mke wangu kanipa vibanio vyake thelathini. Alisema maji yakimwagika hayazoleki, kisha akasema nivirudishe vyote thelathini.

Nimejaribu kukaa kwenye kiti cha hapa. Kimetengenezwa kwa mtu wa miaka minne. Niliposimama, kiti kilisimama pamoja nami.

Mchana mstaafu wa reli alikuja dirishani. Aliuliza kama ule mwaka wake umepona. Nikamuuliza, baada ya miaka yote hii, ndani yake mna nini. Akasema mna picha ya mkewe siku aliyohitimu uuguzi, mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto. Nyumbani hana nyingine. Mkewe amefariki zamani.

Niliutafuta ukurasa huo. Ulikuwa umeloa pembeni, lakini mama yule yupo, anacheka. Nikautundika mbele ya feni, peke yake. Niliona aibu, ile aibu ya kweli isiyo na maneno. Nilijiapia kwamba hila basi. Nimeacha. Nimechoka nazo.

Mkuu alipita jioni. Hakufoka, angefoka ingekuwa nafuu. Kasema nitayakausha yote, na siku yatakapokauka sehemu ya watoto itafunguliwa, na saa ya hadithi nitaanza mimi. Kwa sasa chumba cha magazeti anakitumia Jicho. Na kiti.

Jumatano, 20 Machi

Magazeti yanakauka haraka kupita kiasi. Feni tatu, na jua la wiki hii! Jumatatu Mkuu aliyagusa, akafurahi, akasema labda Ijumaa tufungue. Watoto thelathini na wawili wameshajiandikisha. Nyimbo nimeletewa kwenye karatasi. Moja ina sehemu ya kuruka kama chura.

Kwa hiyo jana asubuhi nilipita kwa kinyozi wangu, nikaazima chupa ya kunyunyizia maji. Kidogo tu. Si ule ukurasa wa mstaafu, mimi si mnyama. Majuzuu mawili matatu ya matangazo ya biashara, mapema kabla watu hawajafika.

Jicho, bila shaka, amepitisha kipimo chake cha unyevu. Kaandika kwenye daftari kwamba magazeti yana maji mengi kuliko juzi. Mkuu amesoma, akashtuka, akaamua kwamba kuna bomba jingine linalovuja juu ya dari ya sehemu ya watoto. Ufunguzi umeahirishwa wiki mbili. Wiki mbili! Nilitikisa kichwa kwa masikitiko pamoja na wengine.

Fundi bomba amefika saa tisa. Ametazama dari iliyo juu ya kamba za magazeti kwa muda mrefu. Kasema haoni kitu, huenda hakuna uvujaji wowote, huenda atafunga kazi leo leo. Nikamvuta pembeni. Nimemshauri avunje dari kabisa, kisha afungulie maji yote kwa nguvu ili aone yanapopita. Amefikiri kidogo, akakubali, kesho asubuhi anakuja na nyundo. Angalau kuna mtu mmoja katika jengo hili anayenisikiliza.